Kwa mdogo wangu wa Kimasai anayetaka kuacha shule Dar

Mdogo wangu, nimeusoma ujumbe wako wote. Uko kidato cha tatu, unaishi na mjomba kwenye nyumba anayolinda huko Mbezi, shuleni hakuna anayekuita jina lako, ni "Masai" tu, na unataka kuacha shule urudi kwa mama. Ila kuna jambo umelitaja ambalo walionitangulia kukujibu wamelipita: mama hayupo tena Ngorongoro. Familia imehamia Msomera, kijiji cha Handeni, Tanga, ambako serikali imewahamishia watu wa Ngorongoro, na kule unakokuota usiku hamna boma lenu. Wanaokwambia "zoea, mji ndivyo ulivyo" hawajaelewa kwamba unalilia mahali pawili kwa pamoja.

Mimi ni wa Simanjiro. Nililetwa Dar baada ya ukame wa 2009, ule uliomaliza ng'ombe umasaini. Baba mdogo alikuwa mlinzi Sinza, tukalala chumba cha getini. Usiku yeye yuko lindo, mimi niko peke yangu na kelele za bajaji. Kilichoniumiza kuliko yote kilikuwa kitu kidogo. Kwetu, unajua, mtoto akikutana na mkubwa anainamisha kichwa, mkubwa anamgusa utosini. Asubuhi ya kwanza nilimwinamia mzee jirani, naye akanipita akidhani nimeangusha kitu. Nikajifunza kusema shikamoo kama wenzangu, lakini ilipita miaka bila mkono wa mtu kichwani mwangu. Huo ndio upweke ninaoufahamu, na naamini ndio wako.

Matusi ni yale yale: ng'ombe umewaacha wapi, unanuka maziwa, ukimaliza shule utalinda geti la nani. Msingi tulisoma kwa Kiswahili ambacho nyumbani hakikuzungumzwa, sekondari wakatubadilishia Kiingereza. Ukinyamaza darasani wanasema mjinga.

Siku moja mwalimu wa jiografia alifika kwenye mada ya wafugaji wanaohamahama. Darasa zima likageuka kunitazama. Akaniuliza kama ni kweli tunahama ovyo. Nikasimama, nikaeleza: nyumbu wanapozaa, mwanzoni mwa mwaka, ng'ombe tunawaondoa mbugani ingawa majani ndiyo kwanza yamechipua, kwa sababu ndama wa nyumbu wanaambukiza ng'ombe ugonjwa unaoua. Kiangazi tunafuata maji, na kuna malisho tunayoyaacha yapumzike kwa ajili ya ndama na wagonjwa. Mwalimu aliandika ubaoni niliyoyasema. Matusi hayakuisha siku ile, nisikudanganye. Ila kijana mmoja wa Kigogo, ambaye kwao nao wanafuga, alinifuata mapumziko akataka kujua zaidi. Tukakaa dawati moja mpaka kidato cha nne. Huhitaji darasa zima likupende, tafuta huyo mmoja.

La pili, usikae getini wikiendi nzima. Mwombe mjomba akupeleke kwa wenzetu wanaouza dawa za miti na kusuka nywele Kariakoo. Mimi nilikuwa nakwenda Jumapili, nakaa kwenye ndoo iliyofunikwa, nasikiliza Kimaa, lugha yetu, mpaka jua linazama: nani kaoa, mvua imenyesha wapi, nani kapoteza mifugo. Mzee mmoja pale alikuwa akinigusa kichwa kabla hata sijainama. Nakuambia kwa dhati, bila zile Jumapili nisingemaliza shule.

Usikubali pia wanaokwambia ukashone ndewe za masikio ili ufanane nao. Ukitaka siku moja, iwe kwa hiari yako ukiwa mtu mzima, si kwa sababu ya watoto wa kidato cha tatu.

Kuhusu Msomera, mwambie mama ukweli kwenye simu. Najua unamficha asihuzunike, lakini naye yuko ugenini, na huenda anakuficha vilevile. Muulize ng'ombe wanakunywa wapi, majirani ni akina nani. Utakapokwenda likizo usifike kama mgeni.

Na kama baada ya hayo bado moyo unataka kuwa karibu naye, omba uhamisho rasmi kwenda sekondari ya Handeni. Nenda na mjomba kwa mkuu wa shule, mwanzoni mwa muhula. Usitoweke tu, maana utahesabiwa mtoro, na mtihani wa kidato cha nne utakuponyoka ukiwa umebakiza mwaka mmoja na kidogo.