Dola za Baku si msaada

Swali: Mimi ni mtangazaji wa redio hapa Mbale, Uganda. Tuseme "mabadiliko ya hali ya hewa" au "mabadiliko ya tabianchi"?

Jibu: Ndugu mtangazaji, sema tabianchi. Hali ya hewa ni mvua ya leo au jua la kesho. Tabianchi ni mwenendo wa mvua na jua kwa miongo mingi. Neno limeundwa kwa tabia, lenye asili ya Kiarabu, na nchi, la Kibantu. Mkulima wa Bududa akiendelea kusema hali ya hewa, mwacheni, anaeleweka. Ninyi wenye maikrofoni hamna udhuru.

Lakini neno linalonichoma kila mikutano ya COP, ile ya Umoja wa Mataifa kuhusu tabianchi, inapowadia ni msaada. Baada ya mkutano wa Baku, Azerbaijan, Novemba 2024, sentensi ya namna hii ilizagaa: "Nchi tajiri zimekubali kutoa msaada wa dola bilioni 300 kwa nchi maskini." Imeharibika tangu mwanzo hadi mwisho. Msaada mtu huutoa kwa hiari yake, nawe ukashukuru. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1992 kuhusu mabadiliko ya tabianchi, ibara ya 4, unazitaka nchi zilizoendelea zitoe fedha mpya na za ziada. Huo ni wajibu. Tena sehemu kubwa ya fedha hizo huja kama mikopo, na mkopo hulipwa hata riba yake ikiwa ndogo. Mdeni gani huita deni lake msaada? Na hilo "kutoa" halimo: uamuzi wa Baku unasema nchi hizo zitaongoza katika kukusanya angalau dola bilioni 300 kwa mwaka ifikapo 2035, kutoka serikalini, katika benki za maendeleo na hata kwa wawekezaji binafsi. Ukidondosha "kwa mwaka" na "ifikapo 2035", umemdanganya msikilizaji wa Bulambuli, ambako maporomoko ya udongo yalifukia nyumba siku chache tu baada ya Baku kufungwa. Ataenda kumuuliza mwenyekiti wa LC, yaani baraza la mtaa, fedha zimefika wapi, na mwenyekiti hana jibu.

Wengine, kwa hasira ninayoielewa, hukimbilia fidia. Nalo silikubali. Uamuzi uliopitisha Mkataba wa Paris mwaka 2015 ulitamka wazi kwamba ibara ya 8, ile ya hasara na uharibifu, si msingi wa dhima, yaani wajibu wa kisheria kwa madhara, wala wa fidia. Naamini tunastahili fidia. Ila ukitangaza kwamba imekwisha kukubaliwa, unawapokonya wajumbe wetu dai ambalo bado wanalipigania.

Basi sema fedha za tabianchi. Zikiwa ruzuku, taja ruzuku. Zikiwa mkopo, taja mkopo. Na mtaalamu uliyemwalika studioni akikutajia msaada, mkatize hapo hapo umuulize: msaada huo unalipwa au haulipwi?