Skani imeonyesha mfuko bila mtoto. Je, mimba imeharibika?

SWALI: Daktari, salamu. Naishi Busia, upande wa Uganda, na nina mtoto wa mwaka mmoja na nusu. Niliacha sindano ya uzazi wa mpango, nikapata hedhi moja tu, kisha kipimo cha mkojo kikaonyesha nina mimba. Nikihesabu toka hedhi ile, nina wiki 8. Juzi niliona matone ya kahawia nikaenda kupiga skani ya tumboni. Karatasi inasema mfuko wa mimba uko ndani ya kizazi, wastani wa milimita 13, mtoto haonekani, nirudie baada ya wiki 2. Mhudumu wa duka la dawa aliisoma akasema mimba ni tupu, nimeze vidonge vya kusafisha kizazi kabla haijaoza. Mama mkwe anasema ni majerikani niliyobeba. Nimsikilize nani?

JIBU: Pole sana, dada yangu. Fuata karatasi yako, na vidonge hivyo usivimeze. Mimba hii inaweza kuwa imeharibika, na inaweza pia kuwa hai ila bado changa. Kwa skani hii moja hakuna awezaye kukuambia ni ipi, hata mimi.

Tuanze na hizo wiki 8. Hesabu ya hedhi inachukulia kwamba yai lilitoka kama siku ya 14. Kwa mwanamke aliyetoka kwenye sindano, yai hujitokea siku yoyote, pengine wiki mbili au tatu baadaye. Mfuko wa milimita 13 unalingana na mimba ya wiki 6 hivi. Tofauti hiyo inaweza kuwa dalili mbaya, lakini pia inaweza kuwa yai lilichelewa tu.

Sasa tutazame ulichopimwa. Mfuko huonekana kwanza, kama duara jeusi. Karibu wiki 5 na nusu, ndani yake hutokea kiduara kidogo chenye ukingo mweupe: ndicho kifuko cha kiini, kinachomlisha mtoto mwanzoni. Kufikia wiki 6 hivi mtoto huonekana pembeni yake, na mapigo ya moyo yakipepea. Lakini ratiba hiyo ni ya skani ya ukeni, ambayo chombo chake hukaa karibu kabisa na kizazi. Skani ya juu ya tumbo inapita kwenye ngozi, mafuta na kibofu, kwa hiyo huchelewa kuyaona haya kwa siku kadhaa hadi wiki. Mfuko wa milimita 13 usioonyesha kitu kwa njia hiyo bado haujavuka mpaka wowote.

Mipaka yenyewe ipo. Zamani mfuko wa milimita 16 au 20 usio na mtoto ulitosha kusema mimba imekufa, hadi ikadhihirika kwamba mimba hai nazo zilikuwa zinahukumiwa. Mwaka 2013 jopo la wataalamu nchini Marekani lilichapisha viwango vikali zaidi. Kwa skani ya ukeni, mfuko uwe umefika milimita 25 bila mtoto, au mtoto awe na urefu wa milimita 7 bila mapigo ya moyo. Isipokuwa hivyo, muda ndio unaoamua: mfuko ulioonekana bila kifuko cha kiini ukipita wiki 2 bila mtoto mwenye mapigo, hapo mimba imeharibika. Aliyekuandikia wiki 2 hakubahatisha.

Ukimeza vidonge leo mimba ikiwa hai, utakuwa umeiua wewe, au itaponea na mtoto anaweza kuzaliwa na kilema. Kuhusu kuoza: kama huna homa, uchafu wenye harufu mbaya wala damu nyingi, kusubiri wiki 2 hakudhuru kizazi.

Kupima mkojo tena hakusaidii, maana huendelea kuonyesha mimba hata wiki kadhaa baada ya kuharibika. Na matone ya kahawia? Karibu mwanamke 1 kati ya 4 hutokwa na damu miezi ya mwanzo, na zaidi ya nusu yao huendelea na mimba vizuri. Umwambie mama, kwa heshima, kwamba majerikani hayahusiki. Mimba nyingi zinazotoka mapema zilikuwa na hitilafu ya kromosomu (nyuzi ndani ya seli zinazobeba urithi) tangu kutungwa, na kulala kitandani hakuziokoi.

Kuna jambo moja ambalo hutakiwi kulisubiria nyumbani. Mfuko usio na kifuko cha kiini haujathibitisha kwa asilimia 100 kwamba mimba iko mahali pake. Mara chache huwa ni majimaji tu kizazini, na mimba yenyewe iko kwenye mrija unaoleta yai kizazini. Ukipata maumivu makali ya tumbo, hasa upande mmoja, maumivu ya ncha ya bega, kizunguzungu au kuzimia, ondoka saa hiyo hiyo, hata usiku, uende hospitali yenye chumba cha upasuaji: Masafu, Tororo au Mbale. Usipande boda boda peke yako, kwani ukizimia utaanguka. Vilevile damu ikilowesha pedi 2 kwa saa, saa 2 mfululizo, nenda.

Siku ya kurudi, beba karatasi hii ya kwanza, maana bila milimita 13 za leo hakutakuwa na cha kulinganisha. Omba skani ya ukeni. Haidhuru mimba wala haileti damu, na kwa skani hiyo kibofu kinatakiwa kiwe kitupu. Ikithibitika imeharibika, utachagua pamoja na daktari: kusubiri itoke yenyewe, vidonge chini ya uangalizi, au kusafishwa kwa pampu ya mkono. Mumeo akiweza, aje naye aingie chumbani, asikie majibu kutoka kwa mpimaji mwenyewe.