Kabla hamjapakia watoto kwenye basi la Dar: kwa walimu wapya wa safari za sanaa

Nimeziona ratiba mnazoandaa kwa ajili ya likizo, na moyo umenienda mbio. Siku moja mmeweka Makumbusho ya Taifa, Kijiji cha Makumbusho, wachoraji wa Tingatinga, wachonga vinyago wa Mwenge, halafu jioni Coco Beach. Kila mwaka walimu wapya wanaandika ratiba hiyohiyo, na kila mwaka watoto wanarudi wamelala kwenye siti na vinywa wazi, hawakumbuki wameona nini. Ari yenu naipenda sana, ndiyo maana nasema mapema, kibali cha mkurugenzi kikiwa bado hakijatoka.

1. Asubuhi mahali pamoja, mchana mahali pamoja. Panga kwa upande wa jiji. Siku ya Posta, katikati ya jiji, ni ya Makumbusho ya Taifa, kisha mnatembea kwa miguu, wawili wawili, mpaka Sanamu ya Askari. Ilisimamishwa mwaka 1927, mahali ambapo Wajerumani walikuwa wameweka sanamu ya gavana wao Wissmann. Usianze na mwaka. Waulize watoto kwanza bayoneti inaelekea wapi, wageuke wenyewe waitafute bandari, ndipo uwasimulie Vita ya Kwanza ya Dunia. Siku nyingine iwe ya Barabara ya Bagamoyo: Kijiji cha Makumbusho, na baada ya chakula wachongaji wa Mwenge. Bagamoyo yenyewe ni kilomita kama 70 kutoka Dar, ipewe siku yake nzima. Anayeichomeka kati ya chai na chakula cha mchana bado hajakutana na foleni ya Tegeta.

2. Tingatinga iwe siku ya kwanza. Hili halimo kwenye ratiba ya mtu yeyote kati yenu. Edward Said Tingatinga alianza kuchora mwaka 1968 kwa rangi za mafuta zinazong'aa, zile za kupakia baiskeli, juu ya vipande vya hadibodi. Mpaka leo mafundi wa Oysterbay wanatumia rangi za aina hiyo, na hazikauki kwa saa moja. Darasa linalochora siku ya kuondoka linapanda basi na picha mbichi mapajani. Ukifika shuleni, twiga yuko kwenye sketi, chui yuko kwenye siti, na dereva hasemi na wewe. Sabuni na maji haviitoi rangi ile. Beba mafuta ya taa kidogo na matambara, na watoto wavae nguo za zamani, sare zibaki kwenye mabegi. Mkichora siku ya kwanza, picha zinakauka mkiwa bado mjini.

Mkiwa hapo, msiwapeleke watoto mbio kwenye picha zilizotundikwa. Mtoto asimame nyuma ya fundi mmoja. Aone mandhari ya nyuma inavyopakwa kwanza na kuachwa ikauke, kisha mnyama anakuja juu yake, mwili kwanza, madoa baadaye, moja moja. Waambieni pia kwamba Tingatinga alifariki mwaka 1972, miaka minne tu tangu aanze, na kwamba waliojifunza kwake na kwa jamaa zake ndio walioiendeleza kazi mpaka ikawa ushirika mwaka 1990. Watoto wanaelewa haraka maana ya kumfundisha mwenzako wakisikia habari hiyo rangi ikinuka mbele yao.

3. Daftari. Hapa naomba mnisikilize kwa muda mrefu kidogo, kwa sababu ndipo safari nyingi zinapofia.

Nimemtazama mwalimu kijana, mchapakazi kweli, akiwasimamisha watoto mbele ya kabati la Zinjanthropus, fuvu la kale la kiumbe wa jamii ya binadamu. Amri ilikuwa: andikeni kila kitu. Basi wakaandika. Wa mbele walibandika daftari kwenye kioo, wa nyuma walinakili kutoka kwa wa mbele, na wa nyuma kabisa walinakili makosa ya wale wa katikati. Mtoto mmoja alikuwa ameegemeza kiwiko juu ya kabati, ananyoosha shingo kusoma jina la kisayansi herufi kwa herufi, na fuvu lilikuwa sentimita chache chini ya mkono wake. Hakuliangalia hata mara moja. Mwalimu alipita na kalamu nyekundu, anatia sahihi ukurasa uliojaa. Ukurasa mtupu ulirudishwa.

Jioni, baada ya kula, nikawauliza wale watoto: meno ya magego yalikuwa makubwa au madogo? Kimya. Juu ya utosi kulikuwa na nini? Kimya, kisha mmoja akafungua daftari anisomee. Alikuwa na mwaka 1959, alikuwa na Mary Leakey na Olduvai, vyote kwa mwandiko safi. Hivyo angevipata kwenye kitabu cha historia bila kupanda basi. Lakini yale magego mapana ajabu, na ule ukingo wa mfupa uliosimama juu ya utosi uliokuwa umeshikilia misuli ya kutafunia, hayo ndiyo tuliyomtolea nyumbani kwao aje kuyaona, na alikaa nayo robo saa yakampita.

Nilihuzunika sana siku ile, kwa sababu baadhi ya wazazi wa watoto wale waliuza kuku na mahindi ili mtoto aje. Mwalimu hakuwa mvivu. Aliogopa kuulizwa na mkuu wa shule, "Wamejifunza nini?" na daftari lililojaa ni jibu rahisi la kubeba.

Fanyeni hivi. Kila mtoto achague kitu kimoja tu. Akae nacho dakika kumi, achore, bila kuandika neno. Kisha ajibu matatu: kimetengenezwa kwa nini, kilishikwa wapi, kimechakaa wapi. Hilo la tatu linafanya kazi ya ajabu. Mtoto anayetafuta mahali palipochakaa anainama, anazunguka, anachuchumaa, na ghafla anauliza swali ambalo hata wewe huna jibu lake. Mwongozaji wa makumbusho atafurahi kuulizwa.

Kule Kijiji cha Makumbusho niliona watoto wakiicheka tembe kwa ufupi wake. Kijana mmoja mkimya akasema bibi yake anakaa kwenye nyumba kama hiyo, Dodoma vijijini, akaanza kuwaeleza paa la udongo linavyobebwa na nguzo na fito, na jinsi nafaka inavyoanikwa juu yake. Wenzake walifunga daftari wakamsikiliza. Mwalimu mwenye busara alijisogeza pembeni.

4. Wachongaji. Salamu kwanza, na wazee wapewe shikamoo yao. Ombeni ruhusa kabla ya picha. Mtoto apewe kipande cha mpingo akipime mkononi, kisha kitupwe kwenye ndoo ya maji kizame. Baada ya hapo hamdanganyiki na mti uliopakwa dawa ya viatu.

5. Usiku. Kila mtoto na namba yake, na wahesabu wenyewe kwa sauti kila mnapopanda na kushuka. Pesa za matumizi ziwe kwa mwalimu, kwenye bahasha zenye majina. Vyandarua mvikague kabla magodoro hayajatandikwa. Matroni abebe pedi za kutosha, asisubiri binti aombe. Mzazi aulizwe faraghani kuhusu pumu, kifafa, selimundu na kukojoa kitandani, na jibu lake lisisomwe kwenye mstari. Mtoto anayelia usiku wa kwanza msimpigie mama yake simu saa nne. Kaeni naye, mpeni kazi ya kesho, mara nyingi asubuhi anakuwa wa kwanza kuoga.

6. Barua ya Makumbusho iende mapema, na iseme idadi, darasa na mnachotaka kuona, ili mpewe mwongozaji anayezoea watoto. Nakala yenye mhuri wa shule ibaki mkononi mwa kiongozi wa safari, kwa sababu kiingilio cha wanafunzi huulizwa getini, na getini mkuu wa shule hayupo. Ratiba mpya nileteeni kabla ya Ijumaa, Coco Beach ikiwa imefutwa siku ile ya Posta.