Nachangia shirika linaloweza kuniambia hapana

Barua ya mtoto niliyekuwa nikimsaidia kupitia shirika moja ilikuwa na ua lililochorwa kwa kalamu ya rangi, petali tano nyekundu, na chini yake maneno machache: asante kwa kunisaidia, nasoma kwa bidii, nakuombea. Niliibandika kwenye friji. Miezi kadhaa baadaye mwenzangu kazini akanionyesha ya kwake, imetoka shirika lile lile, kwa mtoto mwingine kabisa. Tukaziweka mezani sambamba. Ua lile lile, petali tano, sentensi zile zile, jina tu ndilo tofauti. Tulicheka, kisha tukanyamaza.

Sisemi pesa zetu ziliibiwa. Huenda watoto wale walikuwa darasani kweli na mfanyakazi mmoja aliyechoka alikuwa akiwaandikia wote. Kilichoniuma ni kugundua kwamba kwa karibu miaka minne nilikuwa nanunua barua. Nilitaka kujisikia mtu mwema kila nikifungua friji, na shirika lilikuwa limeshanisoma, likaniuzia nilichokitaka.

Wakati huo nilikuwa nachangia mashirika kumi na moja. Aliyenisimamisha njiani na fomu yake nilijaza, picha iliyonitoa machozi niliilipia, ujumbe wa kusambaza kwenye simu niliutumia pesa na kuusambaza. Haba na haba hujaza kibaba, ni kweli, lakini haba zangu zilikuwa zinatupwa kwenye vibaba kumi na moja na hakuna hata kimoja nilichowahi kuchungulia ndani. Tena mchango mdogo nao una gharama zake. Kuna stakabadhi, kuna barua ya shukrani, kuna kijarida cha kila robo mwaka, na kuna barua ya kukuomba uongeze. Ukigawanya kidogo chako mara kumi na moja, sehemu nzuri inaishia kwenye bahasha zinazorudi kwako mwenyewe.

Basi nikakaa jioni moja nikayaandikia yote kumi na moja ujumbe mmoja wenye maswali mawili. Mkipata pesa kuliko mnazohitaji, mtazifanyia nini? Na ni kitu gani mlikijaribu kikawashinda?

Sita hayakujibu mpaka leo. Matatu yalinitumia vipeperushi vizuri sana, karatasi inang'aa, watoto wanatabasamu, jibu halimo. Moja lilinishukuru kwa moyo wangu na kuniuliza kama ningependa kuongeza kiwango cha mwezi. La kumi na moja, ambalo lilikuwa dogo kuliko yote na ambalo nilikuwa karibu kulifuta, lilinipigia simu.

Alikuwa mama mmoja, sauti ya mtu mwenye kazi nyingi mezani. Swali la kwanza alilijibu haraka: wangeweka akiba ya miezi sita, kisha wangetuambia wachangiaji tupumzike. Kwenye la pili alikaa kimya kidogo. "Cherehani," akasema. Walikuwa wamenunua cherehani kumi na mbili kwa ajili ya kikundi cha wanawake, mafunzo yakafanyika, picha zikapigwa, na baada ya mwaka mmoja tisa zilikuwa stoo zimefunikwa turubai. Kulikuwa na mafundi nguo wa kutosha tayari, kazi ya watu kumi na wawili zaidi haikuwepo. "Tungewauliza kwanza wangetuambia. Hatukuwauliza." Sikumwomba anieleze zaidi, lakini aliendelea mwenyewe, akanitajia hata gharama ya kuzihifadhi.

Nilipokata simu nilijua nimepata kipimo changu. Mtu anayeweza kuniambia kilichomshinda, akiniambia siku nyingine kwamba amefaulu nitamwamini. Na anayeweza kuniambia "pesa zako kwa sasa sizihitaji" ana kazi anayoifikiria kuliko anavyonifikiria mimi.

Mfano mkubwa wa hilo ninaoujua ni wa baada ya tsunami ya tarehe 26 Desemba 2004. Dunia nzima ilikuwa inatazama Bahari ya Hindi na pesa zinamiminika. Siku chache tu baadaye, mwanzoni mwa Januari 2005, Madaktari Wasio na Mipaka (MSF), shirika la misaada ya matibabu, walitangaza kwamba wamekwisha kupata za kutosha kwa kazi waliyopanga kuifanya huko, wakaomba watu waache kutuma pesa za tsunami na wachangie mfuko wa dharura wa jumla. Waliokwisha kutoa waliombwa ruhusa pesa zao zipelekwe kwenye dharura nyingine. Mashirika mengine yaliwakasirikia, yakiona wanapoza moto wakati watu wana moyo wa kutoa. Mimi nadhani ni moja ya matangazo ya heshima kuwahi kutolewa na shirika la misaada. Fikiria ugumu wake: pesa ipo mlangoni, imeshashika kitasa, nawe unaielekeza nyumba ya pili.

Hapana nyingine niliipata kwa mikono yangu. Baada ya mafuriko fulani nilijitolea wikendi mbili kwenye ghala la kupokea misaada. Kazi yangu ilikuwa kuchambua nguo. Kwenye mifuko iliyoletwa nilikuta gauni la harusi lenye doa la mvinyo, kiatu kimoja cha kisigino kirefu kisicho na mwenzake, makoti ya baridi kali kwa watu waliokuwa wanatokwa jasho, na mfuko mzima wa dawa za macho zilizokwisha muda. Nje malori ya maji safi yalikuwa yanasubiri nafasi ya kushusha mzigo, kwa sababu nafasi ilikuwa imejaa nguo. Msimamizi wetu alikuwa amebandika karatasi langoni: NGUO HATUPOKEI. Watu walikuwa wanaisoma, wanaudhika, na wanaacha mifuko nje ya lango usiku. Huko Aceh, Indonesia, baada ya tsunami ile ile ilikuwa hivyo hivyo kwa kiwango kikubwa, marundo ya nguo yakioza. Wanaofanya kazi ya maafa wana jina la hali hii, wanaiita maafa ya pili. Tangu wakati huo sipeleki kitu ambacho hakijaombwa. Napeleka pesa, kwa sababu pesa haihitaji lori na inageuka kuwa chochote kinachotakiwa asubuhi hiyo.

Lakini kushindwa kunakonivutia zaidi ni kwa wale wenye wazo zuri. Matapeli ni rahisi: hawana usajili, hesabu zao hazionekani, akaunti ni ya mtu binafsi, na siku zote ni lazima utume leo kabla ya saa sita. Ukikutana nao, kimbia, hakuna cha kuongeza. Wazo zuri ndilo linalotumaliza.

Chukua habari ya PlayPump. Ilikuwa bembea ya kuzunguka iliyounganishwa na pampu ya maji: watoto wanacheza, maji yanapanda kwenye tangi. Nani asingeipenda? Mwaka 2006 ilitangazwa ahadi ya dola milioni 16.4 kutoka Marekani, na lengo la kufunga pampu 4,000 barani Afrika ifikapo 2010. Halafu ukweli ukaja. Watoto huchoka au wako darasani, na maji yanatakiwa alfajiri, kwa hiyo kina mama wakajikuta wanaizungusha bembea wenyewe, wakati mwingine mahali ambapo pampu ya mkono iliyokuwa inafanya kazi vizuri ilikuwa imeng'olewa kuipisha. Ikiharibika, fundi yuko mbali. Mwaka 2009 gazeti la Guardian la Uingereza lilipiga hesabu likaona kwamba ili bembea moja iwapatie maji watu wote waliokusudiwa, watoto wangetakiwa kucheza saa 27 kwa siku. Saa 27! Hesabu hiyo ingeweza kufanywa na mwanafunzi wa darasa la sita kabla ya dola ya kwanza kutoka, na hakuna aliyetaka kuwa yeye wa kuifanya, maana picha ilikuwa nzuri mno.

Sasa linganisha na shirika la misaada la Evidence Action. Walikuwa na mradi Bangladesh, No Lean Season, wa kuwapa vibarua wa vijijini mkopo mdogo wa nauli ili msimu wa njaa waende kutafuta kazi mjini. Majaribio ya mwanzo yalikuwa yametoa matokeo mazuri na mradi ukapata sifa kubwa. Walipoupanua waliupima tena, na matokeo yale hayakujirudia. Mwaka 2019 wakautangaza umefungwa, wakaeleza hadharani sababu. Nakiri nilikuwa sijawahi kuona shirika likiua mtoto wake mpendwa mbele ya wafadhili, likiwa na karatasi za vipimo mkononi. Wahandisi Wasio na Mipaka wa Kanada nao kwa miaka mingi, kuanzia 2008, walikuwa wakitoa ripoti ya kila mwaka ya mambo yaliyowashinda. Ripoti ya mafanikio kila mtu anayo. Hiyo nyingine ndiyo ninayoitafuta kwenye tovuti ya shirika, na nisipoiona nauliza.

Nami nimeambiwa hapana na ukweli, si mashirika tu. Nilikuwa na msimamo, na nilikuwa nauhubiri kwa sauti, kwamba kitu cha bure hakithaminiwi, kwa hiyo msaada mzuri ni ule ambao mpokeaji analipia kidogo. Nilikuwa nawanyima waliogawa bure. Kisha nikasoma utafiti wa wachumi Jessica Cohen na Pascaline Dupas, uliochapishwa 2010, kuhusu vyandarua vyenye dawa kwa wajawazito nchini Kenya. Kliniki nyingine ziligawa bure, nyingine ziliuza kwa bei tofauti ndogo. Bei ilipopanda kutoka bure hadi senti 60 hivi za dola, waliochukua walipungua kwa watu 60 hivi katika kila mia, na waliopewa bure walivitumia sawa na walionunua. Msimamo wangu ulikuwa umewaacha nje wale niliodhani nawajengea nidhamu. Nilirudi nikaanza kuchangia vyandarua vya bure, kimya kimya, bila kuwatangazia wale niliokuwa nawahubiria.

Jambo jingine nililoacha kuliamini ni ile hesabu ya asilimia ngapi inakwenda kwenye "gharama za uendeshaji". Kwa miaka nilikuwa nafungua ripoti ya mwaka, nakwenda moja kwa moja kwenye mstari wa mishahara na ofisi, na shirika lenye namba ndogo ndilo linashinda. Mwaka 2013 viongozi wa taasisi tatu za Marekani ambazo kazi yao ni kuyapima mashirika, GuideStar, Charity Navigator na BBB Wise Giving Alliance, waliandika barua ya pamoja kwa wachangiaji wakisema kipimo hicho peke yake kinapotosha. Ukiwaza ni wazi. Mhasibu ni gharama ya uendeshaji. Kupima kama mradi unafanya kazi ni gharama ya uendeshaji. Waliofunga ule mradi wa Bangladesh walijua umeshindwa kwa sababu walikuwa wamelipia kujua. Shirika lisilotumia chochote ofisini linaweza kuwa na cherehani tisa stoo na hakuna mtu wa kuzihesabu.

Hesabu bado nazisoma, ila natafuta mambo mengine: zimekaguliwa na mkaguzi wa nje, bodi ina watu wasio wa familia moja, na pesa za mwaka jana zimehesabiwa mpaka mwisho. Marekani mashirika mengi hupeleka Fomu 990, ripoti ya pesa zao ya kila mwaka, kwa mamlaka ya kodi na yeyote anaweza kuisoma. England na Wales kuna rejista ya Charity Commission, msimamizi wa mashirika ya hisani, mtandaoni. Nusu saa inatosha. Na kwa anayetaka kazi ngumu imefanywa na mwingine, GiveWell, taasisi inayochunguza mashirika ya misaada, iliyoanzishwa 2007, huchapisha hoja zake kwa urefu, pamoja na makosa yake yenyewe kwenye ukurasa maalumu wa makosa. Ukurasa huo nilianza kuusoma kabla ya orodha yao ya mashirika bora.

Nahadharisha kitu kimoja tu kwa ukali, nacho ni vituo vya watoto yatima. Watoto wengi wanaoishi humo duniani wana mzazi aliye hai. Kituo kinachojazwa watoto ili kivutie wafadhili ni biashara, hata kama matroni ana roho ya malaika. Nikiombwa kwa ajili ya kituo, nauliza wamewarudisha watoto wangapi kwa familia zao, na nani anawafuatilia wakisharudi. Majibu hutofautisha haraka.

Leo nachangia mashirika mawili. La vyandarua linapata sehemu kubwa, na lile dogo la cherehani linapata inayofuata. Kiasi kidogo nakiacha kwa ajili ya moyo: jirani aliyefiwa, mchango wa matibabu, mtu aliyenijia uso kwa uso. Hicho sikipimi wala sikifanyii utafiti, na wanaonishauri nikipime siwasikilizi.

Yule mama wa simu aliniandikia mwezi uliopita. Mradi niliokuwa nimeuchagua umepata mfadhili mkubwa, kwa hiyo mchango wangu hapo hautakiwi tena. Akauliza kama nitakubali uende kwenye mshahara wa dereva na matairi manne, kitu ambacho, alisema, hakuna mtu amewahi kukiomba picha yake. Nilimjibu ndiyo siku ile ile. Jana akanitumia picha ya matairi.