Gari halichaji? Usikimbilie kushusha altaneta

Wadogo zangu mnaoanza kushika umeme wa magari, hasa mlioko huku Kigoma ambako Land Cruiser za zamani na Land Rover 110 haziishi gereji: mteja akifika, mara nyingi anashuka na hukumu tayari. "Fundi, altaneta imekufa," yaani kile kifaa kinachochaji betri injini ikizunguka. Mwitikie kwa heshima, kisha muulize mambo mengine kabisa.

Gari likitoka Kasulu likafika hapa, ukalizima, linawaka tena? Likigoma baada ya safari yote hiyo, betri haikupata kitu njiani, tatizo ni chaji. Likiwaka vizuri jioni lakini asubuhi limezima kabisa, kuna kitu kinanyonya usiku au betri yenyewe imezeeka. Hizo ni kazi mbili tofauti. Na swali ambalo vijana hulisahau: nani mwingine ameshaligusa? Gari la miaka thelathini lina waya za mafundi wengi, na si wote walikuwa na msasa.

Anza na betri, injini ikiwa imezimwa. Kama gari limetoka kutembea, washa taa kubwa dakika mbili tatu, zima, ndipo uweke mita, maana betri iliyotoka safari hujionyesha imejaa kuliko ilivyo. Volti 12.6 na zaidi kidogo, imejaa. 12.2 iko kwenye nusu. Chini ya 12 usipime chochote kingine mpaka uichaji kwa chaja, kwani betri tupu itakudanganya kwenye kila kipimo kitakachofuata. Zile za volti 24 zenye betri mbili, pima kila betri peke yake. Moja ikiwa mbovu inaiua na mwenzake.

Washa injini, pandisha mzunguko kidogo. Kwenye vichwa vya betri ya volti 12 unataka kuona kama 13.8 hadi 14.5. Ukiona zaidi ya 15, regulata, inayodhibiti volti za altaneta, imekwisha. Wala huhitaji mita sana hapo, kwa sababu maji ya betri yanaisha kila wiki na kuna harufu ya yai viza. (Yakipungua ongeza maji ya betri tu, si asidi, hata muuza duka akisema nini.)

Ukiona 12.5 na inashuka, vijana wengi wanachukua spana. Ngoja kwanza. Washa taa kubwa na feni ya ndani ili mfumo ubebe mzigo. Weka ncha moja ya mita kwenye nati ya waya mnene nyuma ya altaneta, nyingine kwenye kichwa chanya cha betri. Hapo unapima kinachopotea njiani. Ikisoma 0.2 hivi, njia ni safi. Ikipita 0.5, umeme unafia kwenye waya, fyuzi kubwa au viunganishi. Kisha fanya hivyohivyo upande wa ethi, yaani njia hasi inayopita kwenye chuma cha gari, kutoka mwili wa altaneta hadi kichwa hasi cha betri. Upande huu ndio mnaouruka, na kwa magari ya huku ndio wenye mambo.

Nitawaonyesha kwa gari moja lililokuwa likibeba chumvi kutoka Uvinza. Lilikuja na altaneta mpya na betri mpya, na bado halichaji. Nyuma ya altaneta mita inasoma 14.3, kwenye betri 12.9. Upande chanya ulipoteza kidogo sana. Upande wa ethi, zaidi ya volti moja. Waya wa ethi kutoka injini kwenda chesi ulionekana mzima, nati imekaza, hata rangi ya ganda haijapauka. Nikaukunja kwa vidole karibu na kichwa chake, ukawa mlaini kama utumbo. Nilipochana ganda kwa kisu, shaba yote ilikuwa unga wa kijani, zimebaki nyuzi chache. Chumvi na unyevu vilipenya kutokea kwenye kichwa, vikala ndani kwa ndani. Waya mpya mnene, sehemu ya chesi ikasuguliwa mpaka chuma kikang'aa, grisi juu yake, kazi ikaisha. Mwenye gari alikuwa ameshalipia altaneta ambayo hakuihitaji.

Taa ya chaji kwenye dashibodi nayo isomeni vizuri. Ukifungua swichi kabla ya kuwasha injini, lazima iwake. Isipowaka, usifurahi. Kwenye Land Rover nyingi za zamani umeme wa kuiamsha altaneta unapita kwenye balbu hiyohiyo, hivyo balbu ikiungua altaneta inaweza isiamke mpaka ukanyage mafuta sana, au isiamke kabisa. Balbu ya bei ya soda. Kama balbu ni nzima na waya wake haujakatika, hapo washukiwa ni kaboni za altaneta, vile vipande vinavyopeleka umeme kwenye sehemu yake inayozunguka.

Kwenye Land Cruiser yenye injini ya 1HZ kuna jambo moja la hatari. Mgongoni mwa altaneta kuna pampu ya vakyumu inayosaidia breki, na inalainishwa kwa oili ya injini. Sili yake ikichoka, oili inaingia ndani na kuziharibu kaboni, kwa hiyo ukiona altaneta imelowa oili, kubadilisha kaboni peke yake ni kupoteza hela ya mtu. Na mteja akikuletea altaneta isiyo na pampu kwa sababu ni rahisi, kataa. Breki zitakuwa ngumu kama jiwe na gari linarudi kwenye milima ya Kasulu.

Ule mtindo wa kuchomoa kichwa cha betri injini ikiunguruma ili "kuona kama altaneta inafanya kazi", uacheni. Volti zinaruka juu ghafla na kuua regulata na dayodi, zile zinazoruhusu umeme upite upande mmoja tu.

Kwa lile linalozima usiku, fungua waya wa kichwa hasi, weka mita ya ampea kati ya waya huo na kichwa, milango imefungwa, na usijaribu kupiga starta hivyo. Ikizidi ampea 0.05, toa fyuzi mojamoja huku ukiangalia mita. Magari yaliyowahi kufanya kazi za mashirika kwenye kambi za wakimbizi angalia pia waya za redio ya mawasiliano. Redio yenyewe ilishang'olewa, waya zimebaki betrini bila fyuzi. Kama fyuzi zote zimetoka na umeme bado unapita, ondoa mita, fungua ule waya mnene wa altaneta, uufunike kwa utepe usiguse chuma, kisha rudisha mita. Usomaji ukishuka, dayodi inavuja. Sasa ishushe altaneta.