Asilimia 20 imepotelea wapi?

Swali: Mwalimu habari, binti yangu wa gredi ya 6 amenikwamisha. Sketi ya 800 pale Kibuye ikipunguzwa asilimia 20 halafu ipandishwe asilimia 20, si inarudi 800? Kitabu kinasema 768. – Mama, Kisumu

Jibu: Mama pole, hapo hata mimi nilichapwa. Gawa 800 kwa 100 upate 8, mara 20 ni 160, toa, inabaki 640. Sasa hapa ndio watu huteleza, wanarudisha ile 160 na bei saa hii ni 640, kwa hivyo asilimia 20 ni ya 640, yaani 6.4 mara 20, ni 128 tu, jumlisha upate 768. Kurudi 800 lazima muuzaji apandishe asilimia 25.