Shangazi, hizo euro 992 ni chakula chake

Shikamoo shangazi. Ujumbe wako nimeusoma, wa mchungaji pia, na sauti za wajomba kwenye grupu la familia nimezisikiliza zote. Mnasema binamu amefaulu gredi ya 8 ya mtihani wa piano, anapigia kinanda kwaya tatu, na huku Ujerumani masomo ni bure. Kwa hiyo kiwanja kiuzwe aje kuwa mpiga piano wa kumbi kubwa, na akishafika aanze kurudisha hela. Najibu wazi hapa kwa sababu familia nyingi zinaniuliza hayo hayo.

Ni kweli vyuo vikuu vya muziki vya serikali, ambavyo ni 24, vingi havitozi ada ya masomo. Unalipa mchango wa muhula, basi. Isipokuwa vichache, hasa vya jimbo la Baden-Württemberg: Freiburg, Karlsruhe, Mannheim, Stuttgart na Trossingen, anayetoka nje ya Umoja wa Ulaya analipa euro 1,500 kila muhula.

Lakini kabla ya viza anatakiwa aonyeshe euro 11,904 kwenye akaunti maalumu. Benki inaishikilia, kisha inamwachia euro 992 kila mwezi. Hapa unisamehe shangazi, nitasema bila kuzunguka. Najua mnachopanga: kiwanja kinatoa nusu, nusu nyingine mnaazima kwa watu, akifika airudishe kidogo kidogo kutoka kwenye hizo 992. Msifanye hivyo. Hiyo hela siyo dhamana inayokaa mahali ikisubiri mwenyewe. Ndiyo kodi ya chumba, ambacho hata kwenye hosteli ya wanafunzi mara nyingi ni 300 hivi, na mji wa München nje ya hosteli ni zaidi sana. Ndiyo bima ya afya, ambayo ni lazima, zaidi ya 130 kila mwezi. Ndiyo nauli na chakula. Akituma 300 nyumbani, anakula nini?

Mtasema atafanya kazi. Sheria inamruhusu mwanafunzi siku nzima 140 kwa mwaka, au nusu siku 280. Nusu siku ni saa 4, kwa hiyo jumla ni saa 1,120. Sasa pigeni hesabu ya mazoezi: saa 4 kwa siku, siku 6 kwa wiki, wiki 48, inakuja 1,152. Hizo ni saa ambazo halipwi hata senti, na bado hajaingia darasani. Mwanafunzi wa uhasibu anaweza kufanya kazi usiku na kusoma kwenye treni. Wa piano lazima apate piano yenyewe, na vyumba vya mazoezi chuoni vinagombewa. Chumbani kwake saa 4 usiku ni kimya kwa wote, na majirani huku hawana simile.

Halafu ni kazi gani? Kwa asiyejua Kijerumani vizuri ni kuosha masufuria, kufanya usafi, au kubeba vifurushi ghalani. Anayebana maboksi kwa vidole saa 4, akitoka anakwenda kupiga okteva za haraka, kano za mkono zinavimba. Dalili ya kwanza ni joto na maumivu juu ya kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba. Akinyamaza kwa kuogopa kukosa zamu, ataambiwa apumzishe mkono wiki kadhaa, na kwenye piano wiki hizo hazifidiwi.

Sasa gredi ya 8. Nampongeza kwa moyo wote, ni kazi kubwa. Ila kwa majaji wa mtihani wa kuingia chuo huku, hapo ndipo safari inapoanzia. Wanataka preludi na fuga ya Bach (fuga ni sauti kadhaa zinazopokezana wimbo mmoja), sonata nzima ya Haydn, Mozart au Beethoven, etyudi, yaani kipande cha kupima ufundi wa vidole, kazi kubwa ya karne ya 19 kama ya Chopin au Brahms, na kitu cha karne ya 20. Vyote kichwani, karibu nusu saa ya muziki, na watamkatisha katikati. Asidhani amekosea, ndivyo wanavyofanya. Halafu kuna karatasi ya nadharia na kusikiliza: aandike melodia inayopigwa, ataje akodi na mageuzi yake. Aliyelelewa na solfa ya kwaya ana sikio zuri sana, lakini ajifunze mistari mitano na majina ya huku: B ya Wajerumani ni B flati, na B ya kawaida wanaiita H. Wengi wenye masikio mazuri wanapoteza alama hapo.

Kinanda cha kanisani nacho kina mambo yake. Funguo 61 za springi, na kile kitufe cha transpozi kinachomwezesha kupiga kila wimbo kwenye C. Ufunguo wa piano ya kweli unahitaji uzito wa gramu 50 hivi na unashuka milimita 10 hivi ukirusha nyundo. Springi haifundishi hilo. Kidole cha nne na cha tano hubaki dhaifu, na fuga inavianika. Atafute piano ya kidijitali yenye funguo 88 zenye uzito, au aombe ya shule. Hata ile ya pwani ambayo unyevu umefanya funguo zinate inamfaa kuliko springi.

Na msimtume na viza ya matembezi aje kufanya mtihani. Akifaulu, hawezi kuigeuza kuwa ya masomo akiwa huku. Atarudi nyumbani kuomba upya, na muhula utaanza bila yeye. Aombe ubalozini viza ya mtu anayetafuta nafasi ya kusoma. Vyuo vingi hufunga maombi mwezi wa tatu au wa nne, mtihani ni mwezi wa sita.

Kwa hiyo asije mwaka huu. Lakini asikae pia, maana miaka inahesabiwa, na mashindano mengi makubwa yanaishia kwenye umri wa miaka 30 hivi. Aombe mkondo wa ualimu wa piano, au muziki wa kanisa: kinanda cha mabomba na kuongoza kwaya. Kwenye jukwaa pekee ni wachache mno wanaoishi kwa tiketi. Wengine wote wanafundisha watoto, nusu saa nusu saa, na asiyeajiriwa mara nyingi halipwi wakati wa likizo za shule, ambazo ni wiki 12 hivi kwa mwaka. Mwaka 2022 mahakama kuu ya masuala ya bima za jamii iliamua kwamba mwalimu wa piano wa shule ya muziki ya mji wa Herrenberg alikuwa mwajiriwa, siyo kibarua wa kujitegemea. Kesi ilifika juu kiasi hicho kwa sababu walimu wengi waliishi hivyo.

Kiwanja msiuze bado. Mwambie anitumie video ya dakika tano: kipande kimoja kifupi cha Bach kiitwacho invensheni, na skeli ya F shapu mikono miwili, bila kukata, vidole vionekane, na transpozi iwe sifuri.